Kolestro ya Baba Ilikuwa ya Kawaida

Ile karatasi ya maabara bado ninayo. Imekunjwa mara nne, ina doa la chai pembeni, na chini kabisa kuna neno moja lililoandikwa kwa wino wa buluu: "kawaida". Siku tisa baada ya karatasi hiyo kutoka, baba yangu aliamka alfajiri, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango, ameshika kifua, jasho linamtiririka kama mtu aliyemwagiwa maji.

Hospitali ya kwanza tuliyomfikisha walimpa dawa za vidonda vya tumbo wakaturudisha nyumbani. Ya pili wakampima umeme wa moyo, na hapo ndipo tukaambiwa ni shambulio la moyo. Alipona, tunashukuru. Akapewa mfuko wa dawa na tarehe ya kurudi.

Miezi minne baadaye nilikuwa natafuta sukari jikoni kwake. Ndani ya kopo tupu la kahawa nikakuta vidonge vyake vya statini, paketi nzima nzima, hazijaguswa. Nikamuuliza. Hakujitetea wala hakukasirika.

"Mwanangu, hivi si ni vidonge vya kolestro? Kolestro yangu ni ya kawaida, karatasi si unayo wewe? Sasa nameza vya nini?"

Baba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Ukitaka kubishana naye ulete hoja, kelele hazisaidii. Mimi siku ile sikuwa na hoja. Nimesomea uandishi wa habari, na udaktari ninaoujua ni ule wa kuwahoji madaktari. Nikamwambia tu, "Baba, meza, dokta kasema." Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliosahau kazi ya nyumbani.

Ninayoyaandika hapa ni hoja niliyopaswa kuwa nayo siku ile jikoni. Imenichukua muda kuipata, na njiani nimekutana na historia ambayo kwa kweli sikuitarajia: ugomvi wa miaka zaidi ya 160 juu ya swali lile lile la baba. Kama si mafuta peke yake, kinachoziba mshipa ni nini?

Nianze na neno, maana hapa ni nyumbani kwa wapenda maneno. Mrumi Celsus, katika karne ya kwanza, aliandika dalili nne ambazo wanafunzi wa udaktari wanazikariri hadi leo: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Walatini wakaliita jambo lenyewe kwa kitenzi cha kuwasha moto. Sisi mtaani tunasema "uvimbe" tukamaliza, japo uvimbe ni dalili moja tu kati ya nne. Vitabuni utakutana na "mchochota". Nitatumia hilo. Kidole ukikiona chekundu, kimevimba, kina moto na kinauma, ni kwamba askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, wamefika na wanapigana. Mchochota ni vita hiyo. Ikiwa fupi inaponya. Ikikaa miaka, inaharibu nyumba iliyokuja kuilinda.

Sasa twende Ujerumani, 1856. Rudolf Virchow ni mtu ambaye mwandishi wa habari yeyote angempenda. Mwaka 1848 serikali ya Prussia ilimtuma kuchunguza homa ya chawa huko Silesia ya Juu. Akarudi na ripoti inayosema ugonjwa ule unatokana na umaskini na utawala mbovu, na dawa yake ni elimu na demokrasia. Mwaka huo huo akawa kwenye vizuizi vya mapinduzi mitaani Berlin. Mtu wa namna hiyo huwezi kumletea maelezo mepesi. Alipoweka mishipa ya wafu chini ya hadubini, aliona kuta zenye mafuta kama walivyoona wenzake, ila akasema kuna zaidi ya mafuta: ukuta wenyewe una mchochota, una uhai, unajibu. Mwenzake wa Vienna, Carl von Rokitansky, alikuwa na maoni tofauti. Kwake yeye uchafu ule ulitoka kwenye damu ukaganda ukutani, na hayo mengine ni matokeo tu. Wawili hawa walibishana kwa heshima na kwa ukali, na wote wawili, tukitazama nyuma, walikuwa wameshika kipande cha ukweli.

Kilichoamua mambo kwa muda mrefu ni sungura. Mwaka 1913, huko St. Petersburg, kijana aitwaye Nikolai Anichkov na mwenzake Chalatov waliyeyusha kolestro safi kwenye mafuta ya alizeti wakawalisha sungura. Mishipa ya sungura ikajaa utando wa mafuta. Jaribio zuri, safi, la kuonekana kwa macho. Anichkov aliona pia chembe nyeupe zilizojaa mafuta ndani ya utando ule, akaziandika, ila dunia ilikumbuka kolestro ikazisahau chembe. Kuanzia 1948 watafiti wa Framingham, mji mdogo wa Marekani, wakawafuatilia watu 5,209 kwa miaka mingi, na kolestro ikaonekana tena. Mwaka 1994 Waskandinavia wakachapisha jaribio la wagonjwa 4,444 wa moyo: waliopewa statini walipungukiwa vifo kwa asilimia 30. Kesi ikaonekana imefungwa.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu kuna watu kwenye makundi ya WhatsApp, mmoja wao ni mjomba wangu, wanaosambaza sauti zinazosema eti kolestro ni uongo wa makampuni ya dawa. Si uongo. Mtu akikutumia maneno haya yangu kuthibitisha hayo, ujue hakuyasoma. Ninachosema ni kwamba kesi ilikuwa na mtuhumiwa wa pili, naye alikuwa ndani ya chumba muda wote.

Aliyemrudisha kizimbani alianzia kwenye meno. Russell Ross, Mmarekani, alisomea udaktari wa meno kabla ya kuhamia kwenye uchunguzi wa tishu katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Ninampenda mtu huyu kwa sababu moja: alikuwa tayari kujisahihisha hadharani. Mwaka 1973, pamoja na John Glomset, alileta nadharia ya "jibu la jeraha". Ngozi laini ya ndani ya mshipa inajeruhiwa, vigandisha damu vinashuka pale, na vinatoa kemikali inayofanya misuli ya ukuta ichipue kama kovu. Mwaka uliofuata maabara yake ikawa miongoni mwa za kwanza kuonyesha kemikali hiyo ya ukuaji. Mwingine angeketi juu ya ushindi huo mpaka kustaafu. Ross aliendelea kutazama, akaona kuwa mara nyingi ngozi ile haijachubuka kabisa. Ipo, ila imebadilika tabia. Imeanza kunata, na inaita chembe nyeupe ziingie. Akairekebisha nadharia yake mara kadhaa. Januari 1999 jarida la New England lilichapisha makala yake yenye kichwa kisichozunguka: ugonjwa wa kuziba mishipa ni ugonjwa wa mchochota. Alifariki Machi mwaka huo huo.

Yaani miaka 143 baada ya Virchow, tulikuwa tumerudi kwa Virchow, safari hii na ushahidi.

Jinsi inavyotokea ni hivi, kwa lugha niliyomwambia baba. Chembe za kolestro ile mbaya zinapenya ndani ya ukuta wa mshipa na kunasa. Zikikaa pale zinachacha. Ukuta unapiga yowe. Chembe nyeupe zinasikia, zinanata kwenye ukuta, zinapenya, na kazi yao ni kula kisichofaa, basi zinakula. Zinakula mpaka zinavimba na kuonekana kama povu, kisha zinafia mle mle, na mizoga yao inaita wengine. Baada ya miaka kunakuwa na kitu kama jipu ndani ya ukuta: katikati uji wa mafuta na maiti za chembe, juu kifuniko cha nyuzi. Chembe zilizo hai zinamwaga vimeng'enya vinavyokitafuna kifuniko. Siku kikipasuka, uji unakutana na damu, damu inaganda, mshipa unaziba kwa dakika chache. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda ngazi Jumatatu bila shida na kuanguka Jumanne. Majipu mengi yanayopasuka hayakuwa yameziba njia sana kabla ya hapo.

Lakini hadithi nzuri ya kisayansi bado si ushahidi kwamba kuzima mchochota kunaokoa mtu. Hapa ndipo anaingia mtafiti ambaye jina lake nilikuwa nakutana nalo kila ukurasa: Paul Ridker, daktari wa moyo katika hospitali ya Brigham and Women's, Boston, alikokuwa pia Peter Libby, aliyechimba upande wa maabara kwa miaka mingi. Ridker ni mtu wa majaribio makubwa. Alihitaji kipimo cha damu, akakikuta kwenye kabati la zamani. Mwaka 1930 wanasayansi wa Taasisi ya Rockefeller, New York, waligundua protini katika damu ya wagonjwa wa nimonia, wakaiita CRP. Ini linaitoa kwa wingi mwili ukiwa vitani. Hospitali zetu zinaijua, daktari anaiagiza akishuku maambukizi. Ridker aliitafuta kwa viwango vidogo sana, kwa watu wanaojiona wazima.

Damu aliipata kwa madaktari wenyewe. Marekani madaktari wanaume 22,071 walikuwa wamejitolea kwenye jaribio la aspirini, na damu ya wengi wao ilikuwa imegandishwa kwenye jokofu. Ridker na wenzake wakachukua wanaume 543 ambao baadaye walipata shambulio la moyo, kiharusi au damu kuganda kwenye mishipa, wakawalinganisha na 543 waliosalimika. Matokeo yalitoka 1997. Waliokuwa na CRP ya juu zaidi, wakiwa bado wazima, walikuwa na hatari ya shambulio la moyo karibu mara tatu ya wale wa chini. Na aspirini, ambayo tunaijua kama dawa ya kuzuia damu kuganda na pia ya kutuliza mchochota, iliwasaidia zaidi hao hao wenye CRP ya juu.

Kisha ikaja JUPITER, na niliposoma masharti ya kuingia kwenye jaribio hili nilimpigia baba simu. Walitafutwa watu ambao kolestro yao mbaya iko chini ya miligramu 130, yaani watu ambao daktari angewaandikia "kawaida" kwa wino wa buluu, ila CRP yao ni 2 au zaidi. Watu 17,802 kutoka nchi 26. Nusu wakapewa statini, nusu kidonge kisicho na dawa. Jaribio likasimamishwa mapema, baada ya takriban miaka miwili, kwa sababu kundi la statini lilikuwa na matukio mabaya pungufu kwa asilimia 44. Ilikuwa Novemba 2008.

"Kwa hiyo wapo wengine kama mimi," baba akasema. Nikamjibu wapo 17,802. Akacheka kidogo. Sikumweleza siku hiyo kwamba hao walikuwa bado hawajaugua moyo, na kwamba yeye aliyekwisha ugua ana sababu ya kumeza bila hata kupima CRP. Nilimweleza baadaye.

JUPITER ilishambuliwa, na wakosoaji walikuwa na haki. Kusimamisha jaribio mapema huwa kunaikuza faida. Mfadhili alikuwa AstraZeneca, mtengenezaji wa dawa yenyewe. Ridker ametajwa kama mmoja wa wagunduzi kwenye hataza za kipimo cha CRP zinazomilikiwa na hospitali yake, na yeye mwenyewe hulitaja hilo kwenye machapisho yake. Kubwa kuliko yote ni la kimantiki: statini inashusha kolestro na inashusha mchochota kwa pamoja. Sasa ni ipi iliyookoa? Mwaka 2008 huo huo watafiti wa Copenhagen walionyesha kuwa watu waliozaliwa na jeni za CRP ya juu hawaugui moyo zaidi kwa sababu hiyo. Maana yake CRP ni moshi. Moto uko mahali pengine, juu zaidi kwenye mnyororo wa kinga ya mwili.

Ridker alikubali hoja ya moshi akaenda kuutafuta moto. Sayansi ikifanyika hivi mimi huwa nasahau chai yangu ikapoa. Wakatafuta dawa isiyogusa kolestro kabisa, inayofunga mjumbe mmoja tu wa mchochota, interlukini-1 beta. Dawa ipo, inaitwa canakinumab, ya sindano, iliyotengenezwa kwa magonjwa adimu ya kurithi. Wakachukua watu 10,061 waliokwisha pata shambulio la moyo na ambao CRP yao bado iko juu. Jaribio likaitwa CANTOS. Agosti 2017, Barcelona, matokeo yakasomwa: kwa dozi ya miligramu 150 kila miezi mitatu, matukio ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 15. Kolestro haikusogea. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amezima mchochota peke yake na moyo ukanufaika. Virchow alikuwa amekufa tangu 1902.

Furaha haikuwa kamili. Waliopewa dawa walikufa zaidi kwa maambukizi, jambo la kutegemewa ukiwaondolea watu sehemu ya askari wao. Jumla ya vifo haikupungua. Bei yake Marekani ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikakataa kuiidhinisha kwa kazi hiyo. Mwaka huo huo Ridker akachapisha jaribio lingine, watu 4,786 waliopewa methotrexate kwa dozi ndogo, dawa ya bei nafuu ya baridi yabisi. Halikufanya chochote, na CRP haikushuka. Nalitaja kwa makusudi, kwa kuwa aliyelichapisha ni yule yule aliyekuwa amejenga jina lake juu ya nadharia ya mchochota. Angalau tulijifunza kuwa si kila maji yanazima moto huu.

Kilichofuata ni dawa ya kizee. Kolchisini ni dawa ya jongo, ile gauti ya wapenda nyama choma, na mmea wake umetumika tiba tangu zama za kale. Imo pia kwenye Gloriosa superba, lile ua jekundu lenye kingo za njano linalotambaa kwenye vichaka vyetu, na mmea wake ni sumu, tafadhali usichemshe. Montreal, 2019, watu 4,745: nusu miligramu kwa siku ilipunguza matukio kwa asilimia 23. Mwaka uliofuata jaribio la Australia na Uholanzi, watu 5,522, likapata asilimia 31. Juni 2023 Marekani wakaiidhinisha. Kisha 2024 jaribio kubwa kuliko hayo, watu 7,062 waliotoka tu kwenye shambulio la moyo, halikuona faida. Madaktari niliozungumza nao wanatofautiana. Nami sitajifanya mwamuzi.

Ukiniuliza sisi tunaingia wapi kwenye historia hii, nitakutajia mambo mawili. Miaka ya 1960 Mmarekani George Mann alipima wanaume 400 wa Kimasai Tanganyika, watu wa maziwa na nyama, akakuta kolestro iko chini. Mwaka 1972 akachapisha uchunguzi wa miili 50: mafuta ukutani yalikuwepo kama ya wazee wa Marekani, ila mishipa ilikuwa imepanuka na damu inapita. La pili ni la watoto. Kwetu kinga ya mwili inaushambulia moyo kwa njia ya mkato: mtoto anaumwa koo, bakteria anafanana kidogo na tishu zake, askari wanakosea adui, vali za moyo zinaharibika. Huko Gulu, Uganda, watoto 818 wenye dalili za mwanzo walifuatiliwa miaka miwili. Waliochomwa penisilini kila wiki nne, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu. Wasiochomwa, asilimia 8.2. Penisilini, dawa ya bei ya soda. Hakuna aliyeisimamia jukwaani Barcelona kwa kishindo kile.

Nirudi kwa baba. Kuna jambo sikulitaja mwanzoni kwa sababu hata sisi hatukulitaja kwa daktari. Vidole vya baba vimevimba miaka 11. Baridi yabisi. Alifundisha miaka yake ya mwisho akishika chaki kwa viganja viwili. Wenye ugonjwa huo wana hatari ya magonjwa ya moyo takriban mara moja na nusu ya wengine, kwa sababu vita iliyo kwenye viungo haiishii kwenye viungo. Siwezi kusema ndicho kilichoziba mshipa wake, ana miaka 71 na alivuta sigara ujanani. Lakini mikono yake ilikuwa juu ya meza, mbele ya karatasi iliyoandikwa "kawaida", na hakuna aliyeitazama, mimi nikiwemo.

Nilimsomea haya yote kibarazani, jioni mbili mfululizo. Alisikiliza kimya. Kwenye jaribio la statini la JUPITER alinyoosha kidole nirudie. Nilipomaliza aliuliza kama Ross alikuwa na watoto, nikasema sijui. Akasema "vimeng'enya" nimeviweka mahali pake, lakini "vizuizi vya mapinduzi" haijatulia, nitafute neno lingine. Sijalipata. Kisha akaniambia nimletee maji, na lile kopo la kahawa.